Siku ya Kikao cha Awino, Nyanya Darasani na Baba Jikoni

Waliokuwepo siku ile niwataje kwanza, maana katika habari hii usipojua nani ni nani kwa nani, utaniuliza maswali mpaka ugali upoe.

Alikuwepo Awino mwenyewe, mtoto wa darasa la tatu. Kikao kilikuwa chake. Alikuwepo Dani Peres, nyanya yake mzaa mama, maana dani kwetu ni nyanya, ndiye aliyekuwa akimlea tangu mama mtu alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba za watu. Alikuwepo Odhiambo, baba yake Awino, mchimba dhahabu wa pale Osiri. Hapo simameni kidogo. Odhiambo alimwoa binti ya Dani Peres, kwa hiyo kwake yeye Dani Peres ni mama mkwe. Hilo mlishike vizuri. Alikuwepo Bwana Marwa, mwalimu mkuu wetu, Mkuria wa upande wa Kehancha, hana undugu na mtu yeyote hapo. Alikuwepo Madam Zuhura, msichana wa ofisi ya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Wazazi wake ni watu wa asili ya pwani waliofungua duka la vitambaa mjini Homa Bay, yeye akazaliwa hapo hapo, Kidholuo anakisikia vizuri ingawa akikisema tunacheka. Alikuwepo Isaya, mpishi wa shule, ndugu ya marehemu mume wangu, ndiyo sababu alikuwa akinitania mbele za watu bila woga. Na mimi, Rosa Akumu, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye tena nilikuwa nimepewa kazi ya kuangalia watoto wote wa shule waliohitaji msaada wa ziada.

Kazi hiyo nilivyoipata niwaambie. Nyinyi walimu vijana mnaisomea chuoni, mnatoka na cheti chenye jina refu. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Nilianza kufundisha bila mafunzo, upande wa Rangwe, njia ya kwenda Asumbi, zamani zile ambapo walimu walikuwa haba na mtu akijua kusoma na ana sauti ya kufika nyuma ya darasa, basi huyo ni mwalimu. Cheti changu kidogo nilikipata kwa masomo ya likizo, mtoto mgongoni. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshahamia huku Migori, Bwana Marwa aliuliza kwenye mkutano wa walimu nani ataishika kazi ya watoto wenye mahitaji maalum. Ghafla kila mmoja akawa anatafuta kalamu iliyoanguka chini ya meza. Mimi magoti yangu hayaniruhusu kuinama. Nikabaki nimekaa wima peke yangu, akaandika jina langu.

Aliyenifundisha kwa kweli ni Mwalimu Dorsila, kule Rangwe. Yeye hakuwa na vitabu vya mambo haya. Alikuwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mtoto ambaye mkono wake hauwezi kushika penseli, alikata kipande cha tyubu, akaizungushia penseli mpaka ikanenepa kama hindi changa, na mtoto akashika. Vifuniko vya soda alivitoboa akavitunga kwenye kamba ya katani, mtoto akahesabu kwa kidole na kwa sikio pia, maana vinalia. Mtoto mwenye kifafa aliketishwa mbali na kona za mawe, na darasa zima likafundishwa: mwenzenu akianguka, mgeuzeni alale ubavu, msimtie kijiko mdomoni, na mmoja aje aniite bila kupiga kelele. Watoto wa darasa la kwanza walijua hayo kabla hawajajua kuandika majina yao. Fanyeni hivyo hivyo hata leo.

Nilikosea pia, msidhani. Alikuwepo mtoto anaitwa Fredrick Ouma, hakai. Ukigeuka kuandika ubaoni, ukirudi, Ouma yuko nje. Nikasema kwa akili yangu, anayependa kutoka apewe kazi ya kutoka. Nikampa kazi ya kengele. Wiki ile shule nzima ilikwenda nyumbani kabla ya wakati, na Isaya alilazimika kupakua chakula kabichi zikiwa bado mbichi. Baadaye tulimpa Ouma kazi ya kunyunyiza maji sakafuni, na hiyo alikaa nayo.

Huku karibu na Osiri kuna mambo ambayo hamtayakuta kwenye kitabu. Zile mashine za kusaga mawe zinanguruma tangu asubuhi. Mtoto mwenye sikio moja bovu, usimketishe tu mbele kama tulivyoambiwa. Uliza kwanza sikio zima ni lipi, halafu uliza mashine ziko upande gani siku hiyo, kwa sababu zinahamishwa. Mimi nilihamisha madawati kuliko mwalimu yeyote wa Migori.

Zamani mtoto akiwa hivi au vile tulikuwa na benchi moja nyuma ya darasa, na huko ndiko alikokaa mpaka wazazi wachoke kumleta. Hayo yamepita, na mimi siyalilii. Siku hizi kuna mpango wa mtoto. Mzazi, mwalimu na mtu wa ofisi wanakaa pamoja, wanakubaliana mtoto anaweza nini, atasaidiwa vipi, na nani atafanya nini. Ni jambo zuri sana. Na ndicho kilikuwa kikao cha Awino.

Sasa Awino. Kwetu jina hilo anapewa msichana aliyezaliwa kitovu kimemzunguka, na huyu kilimzunguka shingoni vibaya. Aliishi, lakini mkono wa kushoto haukufunguka vizuri, mguu mmoja anauburura, na maneno yake yanatoka kwa shida kama gunia linalopita mlango mwembamba. Darasani kwangu hakusema karibu lolote. Alicheka wenzake wakicheka, alitunga vifuniko, basi. Madam Zuhura alikuja akampima siku nzima kwa vibao vyake na picha zake. Hii ni nini, Awino? Kimya. Niletee kile chekundu, Awino. Anatazama dirishani. Madam Zuhura hakuwa na haraka, alijaribu kwa Kiswahili na kwa Kidholuo chake kilichovunjika, mwisho akaandika alichokiona: mtoto hafuati maagizo, hatamki sentensi. Akapendekeza apelekwe shule maalum ya bweni, mbali kule ng'ambo ya Homa Bay karibu na ziwa. Nafasi ilikuwa moja, na jibu lilitakiwa siku ya kikao, la sivyo apewe mtoto mwingine.

Odhiambo alitaka aende. Dani Peres hakutaka. Mama mtu tulimpigia simu huko aliko, akasema, mama yangu na baba ya mtoto wakikubaliana, mimi nimekubali, wasipokubaliana msiniulize mimi, nitalia tu huku peke yangu. Kwa hiyo lilikuwa juu ya hao wawili.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwenye mafunzo ya siku mbili tulifundishwa kwamba wazazi waketishwe kwa duara, wote watazamane, asiwepo mkubwa wala mdogo. Nikafagia darasa langu, nikapanga viti vya duara. Mimi, Mjaluo mzima, niliyezikiwa kitovu huko Rangwe, nikampangia mtu kiti kutazamana na mama mkwe wake!

Kwa wale wasiojua: kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wakatazamana, hawali pamoja, hawabishani mdomo kwa mdomo. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Vijana wengi wameacha, wanapiga picha na mama wakwe wao wamekumbatiana, na mvua bado inanyesha. Lakini Dani Peres hakuwa wa kupigwa picha hizo, na Odhiambo, pamoja na ujana wake, alilelewa vizuri.

Dani Peres akafika mapema, akakaa. Odhiambo akaja na kofia yake ngumu ya machimbo mkononi, akachungulia mlangoni, akaona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe wake, akageuka kama mtu aliyesahau ng'ombe shambani. Madam Zuhura akasikitika. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba wengi huwa hivyo, wakifika kwenye jambo la mtoto wanakimbia. Nikamwambia hapana binti yangu, huyu hajamkimbia mtoto. Nikamweleza. Bwana Marwa akasema kwao Kuria ni hivyo hivyo, yeye mwenyewe aliwahi kuruka ua wa miba na suti ya harusi alipomwona mama mkwe wake akitoka kisimani.

Tukatafuta njia. Bwana Marwa alisema waongee kwa simu, mmoja ndani na mmoja nje. Dani Peres akasema simu ni mdomo ule ule, hatabishana na mkwe wake hewani watu wote wakisikia. Madam Zuhura akasema tufunge leso katikati kama pazia. Dani Peres akamtazama kwa upole, akasema leso iliyopo hapa ndiyo hii aliyoivaa, na akiifungua mambo yatakuwa mabaya zaidi. Hapo tulicheka wote, na kikao kikawa na joto kidogo.

Mwisho tulikubaliana hivi. Dani Peres abaki darasani na Madam Zuhura na Bwana Marwa. Odhiambo akae jikoni kwa Isaya, ng'ambo ya uwanja, mahali ambapo hasikii wala haonekani. Na maneno niyabebe mimi. Mtu mzima katikati ya wakwe ni desturi pia, sikuianzisha mimi.

Nilipofika jikoni Isaya alikuwa ameshamwanza.

"Wewe shimoni unaingia na kamba imechakaa, huogopi," alikuwa akimwambia. "Leo mama mzee mmoja amekuleta kwenye moshi."

"Simwogopi. Namheshimu."

"Basi heshima yako isogee kidogo, imekalia kuni zangu."

Akampa kiti chake mwenyewe, kile cha mguu mmoja uliofungwa kwa waya, habari niliyoirudisha darasani pia.

Sasa kubeba. Dani Peres alikuwa amesema, mwambie mkwe wangu mtoto haendi. Maneno matano. Lakini nitayapelekaje hivyo, kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkwe? Nikivuka uwanja nikayatia sukari. Nikamwambia Odhiambo kwamba mama anakusalimu sana, amesikia mawazo yako, na anaona bado mnaweza kufikiri pamoja. Odhiambo akasema, mwambie mama nimeshaamua, nimeshazungumza na mtu wa kumpeleka. Nikarudi. Nikamwambia Dani Peres kwamba mkwe wako anakushukuru kwa kumlea mtoto, anasema hatafanya lolote bila wewe. Nikaenda tena, nikarudi tena, magoti yanalia, na kila nikivuka uwanja sukari inaongezeka.

Baada ya safari kadhaa nyuso zikafunguka. Dani Peres akatabasamu. Jikoni Odhiambo akatabasamu. Bwana Marwa akapiga makofi, akasema hivi ndivyo watu wa Afrika wanavyomaliza mambo, akamwita Isaya alete chai. Madam Zuhura akachukua kalamu. Lakini huyu msichana ana tabia nzuri, haandiki kabla hajauliza.

"Dani, kwa hiyo mmekubaliana nini?"

"Mtoto anabaki," akasema Dani Peres. "Mkwe wangu ni mtu mwema."

Na mimi nilikuwa nimetoka jikoni wakati huo huo, ambako nilimwacha Odhiambo akimuuliza Isaya mahali pa kununua sanduku la bweni pale Rongo. Nadhani mambo yalionekana usoni mwangu. Madam Zuhura aliniangalia.

"Mwalimu, ulikuwa unabeba nini kwenda huko?"

Nikasema nilibeba heshima. Bwana Marwa alicheka mpaka akashika ukuta, lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilijua sasa itabidi kuyapeleka maneno upya, makali kama yalivyo, na magoti yalikuwa yamekataa. Nikakaa kwenye kimojawapo cha vile viti vyangu vya duara. Nikasema mnipe dakika.

Dani Peres hakunipa dakika. Aligeuka tu mlangoni, bila kufikiri, kama mtu anavyoita kuku wake.

"Awino."

Awino alikuwa barazani na vifuniko vyake. Akaja.

Dani Peres akamwambia kwa Kidholuo, nami nawawekea kwa Kiswahili: "Nenda kwa baba yako. Mwambie mimi sijakubali. Mwambie huko hakuna mtu anayejua wewe ukinyamaza una maana gani. Na mwambie kiti alichokalia ni cha mpishi, asikivunje."

Nikafungua mdomo kusema, mama, mtoto huyu hawezi. Madam Zuhura akaniwekea mkono begani. Awino alikuwa ameshatoka, anauburura mguu wake, midomo inacheza. Madam Zuhura akavua viatu, akamfuata polepole nyuma ya ua wa jikoni. Na mimi na magoti yangu, sijui yalipona vipi, nikamfuata Madam Zuhura.

Awino alisimama mbele ya baba yake, akatazama chini kama mjumbe anavyotazama. Akaanza. Ilichukua muda. Neno linatoka, linasimama, lingine linatoka. Odhiambo hakumsaidia hata moja. Alingoja, kichwa amekiinamisha upande, na niliona wazi kwamba hakuwa anangoja hivyo kwa mara ya kwanza.

"Dani anasema... hajakubali. Anasema huko... hakuna mtu... anajua nikinyamaza. Maana yake nini. Anasema kiti... cha mpishi. Usivunje."

Isaya akasema huo ndio ujumbe wa kwanza wenye maana tangu asubuhi.

Mambo haya tuliyajua baadaye. Kila Odhiambo alipopita kwa mama mkwe wake kuleta sukari au samaki, alisimama nje ya ua, Dani Peres akakaa ndani ya nyumba, na Awino akaenda na kurudi katikati yao, tangu alipojua kutembea. Mvua imenyesha kwenu? Mguu wa mtoto umepona? Mama yake amepiga simu? Yote alibeba yeye. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu hakuna aliyedhani hilo ni jambo la shule. Na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeuliza anajua herufi ngapi.

Isaya aliacha kukoroga. Kisha Odhiambo akasema polepole, ili mtoto apate kushika:

"Mwambie dani sitaki kumnyang'anya. Mwambie naogopa siku ambayo yeye hatakuwepo. Na mimi kila siku niko chini ya ardhi. Nani atakujua?"

Awino akageuka. Tukarudi nyuma yake kama watu wanaofuata maiti. Mlangoni akasimama pale pale, macho chini.

"Baba anasema... hataki kunyang'anya. Anasema anaogopa siku... dani hayupo. Yeye yuko chini. Anasema... nani atanijua."

Fikirini ni maneno gani hayo, na ni nani aliyeyabeba. Dani Peres alitazama mikono yake. Bwana Marwa alitoka nje kuangalia bendera, ambayo ilikuwa salama. Mwisho Dani Peres akasema, mwambie hata mimi naiogopa siku hiyo hiyo.

Awino hakwenda. Alishika mlango kwa mkono wake mzima.

"Na langu... nani anapeleka?"

Nimefundisha watoto wengi, nawakumbuka kwa majina na kwa viti walivyokalia. Viti vyote vile vya duara, na hakuna kimoja nilichomwekea yeye.

Madam Zuhura akapiga magoti sakafuni. "Niambie mimi. Nitapeleka vile vile, sitaongeza kitu." Hilo la kuongeza alikuwa ananichoma mimi, na nilistahili.

Awino alifikiri. Tukangoja, na hapo ndipo nilipojifunza kungoja, uzeeni.

"Nataka kwenda... na kurudi."

Bwana Marwa, ambaye alikuwa amerudi na hawezi kumwachia mtu sentensi yake, akauliza kwenda wapi, shuleni? Awino akakunja uso kama nyanya yake.

"Kwa baba. Kwa dani. Kwa shule. Kwenda... na kurudi."

Madam Zuhura akayapeleka jikoni mwenyewe. Aliporudi alikuwa na jibu la Odhiambo, nalo halikuwa hapana. Alisema mtoto akija kwake nani atakaa naye, mke wake wa pili, Millicent, ni mgeni kwa mtoto huyu, hajui namna ya kumngoja wala kumvalisha ule mkono. Tukadhani tumegonga ukuta. Ndipo Dani Peres aliposema jambo ambalo sisi wote na mafunzo yetu hatukuliona. Alisema, huyo Millicent si mkwe wangu mimi. Sisi wawili tunaweza kukaa chumba kimoja. Aje kwangu siku za Jumamosi, nitamwonyesha.

Ikawa hivyo. Awino akabaki darasani kwangu. Jumamosi Millicent alifika kwa Dani Peres kujifunza, na baadaye mtoto akaanza kwenda kwa baba yake mwisho wa wiki na kurudi Jumapili. Ile nafasi ya bweni alipewa mtoto mwingine, Salome, ambaye alikuwa haoni na aliihitaji kweli. Msinielewe vibaya, sina neno na shule za bweni. Salome alirudi kututembelea na kunisomea kwa vidole vyake mpaka nikaona aibu ya miwani yangu.

Madam Zuhura alirudia kupima, safari hii bila vibao. Alimtuma. Nenda kwa Mwalimu Beatrice wa darasa la nne, mwambie hivi, urudi na hivi. Aliniambia mara ya kwanza alimuuliza mtoto maswali ambayo majibu yake tayari alikuwa nayo mkononi, na Awino hakuona sababu ya kumpelekea mtu kitu alicho nacho. Nami nikashika hapo hapo. Kuanzia siku hiyo masomo ya Awino niliyafanya ujumbe. Hesabu: nenda darasa la nne, omba chaki tatu nyeupe na moja nyekundu, na uje uniambie wasichana wangapi wamekuja leo. Kusoma: nilimwandikia maneno mawili kwenye karatasi ampelekee Isaya, na Isaya, ambaye anajua kusoma kuliko anavyosema, alijifanya hawezi, mpaka Awino amsomee. Walimu wote waliambiwa sheria moja tu, usimmalizie sentensi. Waliishika wote isipokuwa Bwana Marwa, lakini yeye hata mimi alikuwa akinimalizia.

Hakuwa mtoto wa kusoma kurasa ndefu, sitawadanganya. Alisoma fupi. Lakini shule nzima ilimjua akinyamaza ana maana gani, kwa sababu vimya vyake ni vya aina mbalimbali, na ukikaa naye unavijua: kuna cha kufikiri, kuna cha kukataa, na kuna cha kukuhurumia.

Dani Peres alifariki masika ya mwaka uliofuata, kwa ugonjwa mfupi. Siku waliyokuwa wakiiogopa wote wawili ilikuja mapema kuliko walivyodhani. Awino alikwenda kwa baba yake na Millicent na nguo zake kwenye mfuko, na nyumba ile ilikuwa inamjua.

Kwenye mazishi Odhiambo alisimama mbali, karibu na ua, kama mkwe anavyotakiwa. Kabla ya udongo kumwagwa nilimwona akimwita Awino, akainama, akamwambia jambo sikioni, refu kidogo. Awino akaja peke yake katikati ya watu, anauburura mguu, midomo inacheza. Watu wakampisha. Akasimama ukingoni, akatazama chini, akasema yote aliyotumwa, kwa mwendo wake, na hakuna aliyemharakisha, hata mchungaji. Mimi nilikuwa mbali kidogo, sikuyasikia, na sikuwahi kumuuliza, maana hayakuwa yangu kubeba.

Basi nimewaandikia kama ninavyokumbuka. Bwana Marwa, Madam Zuhura, Isaya, na wewe Odhiambo kama utasomewa hii, mlikuwepo. Nawe Awino, sasa ni msichana mkubwa, ulikuwepo kuliko sisi wote. Mkiona nimeweka neno la mmoja mdomoni mwa mwingine, au nimelainisha mahali palipokuwa pakali, niambieni nirekebishe. Nyumba yangu mnaijua, na mwenye maneno yanayotoka polepole nitamngoja.